Hesabu ya Sinia: Simu, Uzito na Siha ya Nyumba Zetu



Ama baada ya kumshukuru Allah (s.w.) na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), wiki hii napenda tuzungumze juu ya jambo lililoingia majikoni mwetu bila kubisha hodi, nalo ni simu inayohesabu chakula na hatua. Mara kwa mara baada ya darsa hapa Buxton hunijia mtu, aghalabu mzazi mwenye umri wa makamo, akaniuliza kuhusu programu ambazo watoto wamemtilia katika simu yake ili apunguze uzito. Mmoja huuliza kama zafaa. Mwingine huuliza kama ni vyema mja kuihesabu riziki ya Mola wake tonge kwa tonge. Jawabu langu kwa wote wawili ni kwamba chombo hiki chafaa kama daftari lifaavyo dukani. Daftari halileti faida lenyewe, lakini mwenye duka asiye na daftari hajui hasara yamtokea wapi. Na sisi watu wa pwani, kwa namna tulavyo, inatupasa kulifundisha daftari hilo desturi zetu kabla halijatufaa.

Naandika haya kwa kuwa yamenifika nyumbani, na mwenyewe mke wangu ameniruhusu kuyaeleza. Mama mkwe wangu, Allah amrehemu, aliishi na kisukari miaka mingi, na miaka yake mitatu ya mwisho aliiishi kwa mguu mmoja. Mwaka jana mke wangu alipimwa damu, akaambiwa na daktari kwamba sukari yake imepanda, ingawa haijafikia kiwango cha kuitwa kisukari. Yuko mlangoni, hajaingia. Alikuwa na kilo 86. Aliporudi hakusema mengi, ila jioni ile nilimwona akikitoa stoo kiti cha magurudumu cha marehemu mamake, akakifuta vumbi, kisha akakirudisha mahali pake.

Msiba huu si wa nyumba moja. Uchunguzi wa taifa wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa Kenya walio na umri kati ya miaka 15 na 49, wapatao 45 wana uzito uliopita kiasi. Katika uchunguzi kama huo wa mwaka 2014 walikuwa 33. Hebu tazama mtaa wetu: nyumba za zamani zimebomolewa, maghorofa yamesimama mahali pake, kwenda Mwembe Tayari twapanda tuktuk, na kwenda msikiti wa pili twaita bodaboda. Miguu imestaafu kabla ya mwenyewe kustaafu.

Hata hivyo, mlangoni si ndani, na hapo ndipo pa kushika. Mwaka 2002 kulitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa Marekani kwa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa katika hali kama ya mke wangu. Kundi moja lilielekezwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wa mwili na kufanya mazoezi, kama kutembea kwa haraka, dakika 150 kwa wiki. Katika kundi hilo wagonjwa wapya wa kisukari walipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wale ambao hawakupewa mpango huo wala dawa. Kundi lililopewa dawa ya metformin lilipata upungufu wa asilimia 31. Asilimia 7 ya kilo 86 ni kilo sita tu. Daktari hakumtaka mke wangu arudi kuwa msichana wa miaka ishirini. Alimtaka apunguze kilo sita, asizirudishe.

Binti yetu ndiye aliyemtilia mamake programu. Kazi yake ni nyepesi kuieleza. Ndani ya simu mna kifaa kidogo kinachohisi mtikisiko wa mwili, nacho ndicho kinachokadiria hatua. Upande wa chakula, mtu huandika alichokula na kiasi chake, na programu ikatazama katika orodha yake na kumwambia kalori ngapi zimeingia. Mwili unaopokea zaidi ya unachotumia huweka akiba ya mafuta. Unaopokea kidogo kuliko unachotumia hula akiba yake. Programu haina siri nyingine kupita hiyo, na anayekuuzia chai ya kuyeyusha tumbo kwa wiki moja anakuuzia maji moto kwa bei ya asali.

Sasa niwajibu wale waonao haya kuhesabu chakula. Wazee wetu walipima. Jiko la Mswahili lilikuwa na kibaba, na vibaba vinne vilikuwa pishi moja, na bibi aliyeko jikoni alijua nyumba yake yala vibaba vingapi usiku na vingapi mchana. Mpaka leo, kila mwisho wa Ramadhani, twapima pishi ya Zakatul-Fitri kwa kila kichwa kilichomo nyumbani, mkubwa kwa mdogo, hata mtoto mchanga. Ikiwa twakipima chakula cha maskini kwa uangalifu ili haki yake isipungue, hatuna sababu ya kuona ajabu kukipima chetu ili israfu isiingie. Qur'ani Tukufu, katika Suratul A'raf, imeturuhusu kula na kunywa na hapo hapo ikatukataza kupindukia mpaka. Naye Mtume wetu (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Imamu Tirmidhi, ametufundisha kuwa mja zamtosha tonge chache za kumsimamisha mgongo, na kama hana budi kuzidisha, basi aligawe tumbo mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi.

Imamu Ghazali katika Ihya Ulumid-Din ana kitabu kizima juu ya kuvunja matamanio ya tumbo, na kingine juu ya kuihesabu nafsi. Katika hicho cha pili anaifananisha nafsi na mshirika wa biashara ambaye humwachii mali bila kumwekea masharti. Anazipanga daraja sita: kwanza kuwekeana sharti na nafsi, kisha kuichunga wakati wa kazi, kisha kuihesabu baada ya kazi, kisha kuiadabisha, kisha kuipa juhudi, na mwisho kuilaumu. Ukizitafakari daraja hizo utaona kwamba simu yaweza kukusaidia katika moja tu, nayo ni ile ya tatu, ya hesabu. Sharti la asubuhi ni lako. Kuichunga nafsi wakati mkono unapoelekea kaimati ya tano ni kazi yako. Anayetarajia simu imfanyie daraja zote sita amemwajiri karani kisha akamtaka aendeshe duka.

Na karani huyu, ndugu zangu, alipofika nyumbani kwetu hakujua lugha ya jikoni. Siku ya kwanza alimwuliza mke wangu: umekula sahani ngapi? Lakini sisi hatuli kwa sahani. Twakaa jamvini watu saba, sinia moja katikati, kila mmoja akila upande unaomwelekea. Mama akimsogezea mtoto nyama, na mgeni akisukumiwa kilicho bora. Nani ajuaye amekula gramu ngapi za wali? Kisha orodha ya chakula ilijaa vyakula vya nchi za mbali, lakini ukitafuta mahamri huyapati, au wapata mahamri matatu yaliyoandikwa na watu watatu, na kila moja lina hesabu yake.

Binti akasema, "Mama, basi wewe tupakulie chako kwenye sahani peke yako." Mamake akamtazama, akamjibu, "Mwanangu, mimi niwe mgonjwa nyumbani mwangu kabla sijaugua?" Neno hilo lilinikaa. Sinia kwetu ni mahali ambapo baba hujua nani hali vizuri na ana nini moyoni, na ndugu waliokosana hulazimika kukutana mikono. Mpango wa siha unaomtoa mama katika sinia utamchosha, naye atauacha.

Tukakaa, tukaona kwamba kipimo chetu si sahani, ni sufuria. Nyingi katika programu hizi zina mahali pa kuandika mapishi: waandika viungo vyote vilivyoingia chunguni, na idadi ya walaji, nayo hugawanya. Hapo ndipo daftari lilipoanza kusema kweli. Tulichukua pilau ya Ijumaa. Mchele kilo moja na nusu una kalori zipatazo 5,400. Hilo halikutushangaza. Kilichotushangaza ni mafuta: nusu lita ya mafuta ya kupikia ina zaidi ya kalori 4,000. Watu saba tulikuwa tukipata kwenye mafuta kalori karibu robo tatu ya zile za mchele, na hakuna aliyekuwa akiyaona, kwa kuwa mafuta hayajazi sinia. Mke wangu akayapunguza kwa nusu. Kila mlaji akapunguziwa karibu kalori 300 katika mlo mmoja, na hakuna aliyeondolewa jamvini, wala hakuna aliyelalamika kuwa pilau imepoteza ladha, maana ladha ya pilau i katika bizari na kitunguu kilichokaangwa kwa subira.

Kwa mahamri alipima unga, sukari na tui, akapima mafuta kabla na baada ya kukaanga ili ajue yaliyonyweka, akagawanya kwa idadi ya mahamri. Tangu hapo anajua hamri lake mwenyewe lina nini, na halidanganyiki kwa hamri la mtu mwingine. Akiwa na shaka juu ya chakula cha kwetu, kuna majedwali ya lishe ya vyakula vya Kenya yaliyotolewa mwaka 2018 na serikali pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na mtu wa lishe katika zahanati aweza kumsomea.

Chai nayo ilitoa ushahidi wake. Kijiko cha sukari kina gramu nne hivi. Vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, ni gramu 48. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2015 linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni gramu 50 hivi, na kwamba kushuka hadi nusu ya hapo ni bora zaidi. Kwa hiyo mnywaji chai wa Mombasa humaliza fungu lake kabla hajagusa halwa, wala juisi ya ukwaju, wala tambi za sukari.

Je, kuandika kwenyewe kwasaidia? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008, uliohusu watu karibu 1,700, ulionyesha kuwa waliokuwa wakiandika chakula chao kila siku walipunguza uzito mara mbili ya wale ambao hawakuandika kabisa. Lakini kuna utafiti mwingine wa kuupima huo. Katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh walifuatiliwa vijana wapatao 470 kwa miaka miwili. Wote walipata mawaidha ya chakula na mazoezi, kisha kundi moja likavishwa vifaa vya kuhesabu mwendo. Matokeo yalitoka mwaka 2016: waliovaa vifaa walipunguza wastani wa kilo 3.5, na wasiovaa walipunguza kilo 5.9. Mtu akiyasoma haya mawili pamoja ataelewa kuwa kujihesabu kwafaa, ila chombo kinachohesabu kwa niaba yako, nawe umelala, hakikuongezei kitu.

Kwa mke wangu, kilichoutia uhai mpango huu ni majirani. Wako wanawake watano wa mtaa wetu. Baada ya Sala ya Alfajiri, kukishapambazuka, hukutana na kutembea kuelekea Mji wa Kale, wakapita Ndia Kuu mpaka Ngome ya Yesu, wakapunga upepo wa bahari, wakarudi kabla jua halijakuwa kali. Mwendo huo wachukua yapata saa moja. Wako wengi, wamejistiri, na hakuna wa kuwasumbua. Simu ikilia kukumbusha mazoezi, kidole kimoja chaizima. Jirani akisimama mlangoni na kuita, "Dada, twakungoja," huwezi kumzima.

Mwanzoni walihangaishwa na hatua 10,000 ambazo simu iliwadai. Nambari hiyo haikutoka maabara. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani iliuza kihesabu hatua kilichoitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi, na jina la bidhaa likawa sharti la dunia. Utafiti wa mwaka 2019 uliofuatilia wanawake wazee zaidi ya 16,000 wa Marekani ulikuta kwamba waliotembea hatua 4,400 kwa siku walikufa kwa uchache kuliko waliotembea 2,700, na kwamba faida iliendelea kupanda hadi hatua 7,500 hivi, kisha ikatulia. Kwa hiyo mama asiyeweza kumi asikate tamaa na kuketi. Nne zina kheri, na tano zina kheri zaidi.

Yako mambo matatu ya kutahadhari. La kwanza ni Ramadhani. Programu isiyojua funga hulia saa saba mchana ikikuuliza kwa nini hujaandika chakula cha mchana. Izime, wala isikusumbue. Tena isikudanganye kwa kukusifu mchana kutwa kuwa umekula kidogo, hali mezani kwangojea sambusa, bajia, viazi vya nazi na mkate wa kumimina. Na mwenye kutumia dawa za kisukari, au insulini, asifunge wala asipunguze chakula kwa ushauri wa simu. Amwendee daktari kwanza, maana sukari ikishuka ghafla yaweza kumwua mtu kwa saa chache. Mama mjamzito na anayenyonyesha vilevile.

La pili ni mabinti zetu. Chombo kilichomfaa mama wa miaka hamsini chaweza kumdhuru msichana wa miaka kumi na mitano, ambaye mwili wake ungali wajengeka na picha za mitandaoni zimekwisha kumwambia kuwa hatoshi. Ukimwona binti aficha chakula, aogopa kula mbele za watu, au ajipima kila saa, mwondolee hesabu hizo kwa upole na umpeleke kwa mtaalamu. Kadhalika tusizifanye kilo kuwa kejeli ya harusini. Neno la kumcheka mtu kwa mwili wake ni dhambi hata likisemwa kwa kicheko.

La tatu ni amana. Unapoandika uzito wako, maradhi yako na saa unazotembea, unampa siri yako mtu usiyemjua. Mwaka 2018 kampuni ya Under Armour, iliyokuwa ikimiliki programu ya MyFitnessPal, ilitangaza kuwa taarifa za akaunti zipatazo milioni 150 zimechukuliwa na wasiohusika. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imezihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na yatupasa nasi tuzihesabu hivyo. Usiweke jina lako kamili pasipo haja, usiruhusu programu ijue ulipo ikiwa kazi yake ni chakula tu, wala usilipe ada ya kila mwezi kabla hujaona kama ya bure haikutoshi.

Leo ni mwezi wa kumi na moja tangu daftari hilo lifunguliwe. Mke wangu amepunguza kilo tano, na sukari yake katika kipimo cha mwisho imeshuka, ingawa bado yataka kuchungwa. Kilo ya sita imekuwa ngumu. Yaja na kwenda kama mgeni asiyeamua kulala, na kila penye khitma au harusi hurudi nyuma kidogo. Siku hizi haandiki kila tonge. Huandika sufuria, hupima mafuta na sukari, na hutembea na wenzake siku tano kwa wiki. Mimi na watoto tunakula kile kile alacho yeye, na hilo, kwa maoni yangu, ndilo lililomsaidia kuliko kipengele chochote cha programu, kwa kuwa mgonjwa akipikiwa peke yake hujiona mgonjwa, na nyumba ikila pamoja kilicho sawa huwa ni nyumba yenye siha.

Basi yeyote anayetaka kuanza, na aanze na chungu kabla ya simu. Pima mafuta yaingiayo, pima sukari, kisha uandike kwa wiki mbili, kwa simu au kwa kalamu, uone hasara iko wapi. Tafuta jirani mmoja wa kutembea naye. Mpime mzazi wako damu mapema, kabla hajaingia ndani ya mlango ule. Na nia yako isiwe kupendeza machoni pa watu, bali kuutunza mwili ambao ni amana ya Mola wako, ili uweze kusujudu kwa magoti yako mwenyewe mpaka siku yako ya mwisho.

Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na atie baraka katika masinia yetu, yenye kingi na yenye kichache. Amin.

Wabillahi tawfiq.